Mkia wa Kisu

Baraka, 12 Februari 2023

Yaya Wilfried,

Tak.

Hiyo ndiyo sauti iliyonibakia. Kilio cha mama ufukweni kimeanza kufifia, hata kishindo cha boti lilipopasuka ubavu na kumwaga magunia ya unga. Hii haififii. Nilikuwa nimesimama majini hadi kifuani, pale ambapo chini hukatika ghafla na ziwa kuwa shimo. Nilikuwa nimemshika mdogo wetu Vainqueur makwapani. Kamba ilikuwa imemzunguka mguu, na upande wa pili wa kamba kulikuwa na injini inayozama. Wewe, kaka yetu mkubwa, uliinama, ukachomoa kisu chako kipya, ukapiga mara moja. Tak. Kama ganda la maharagi makavu. Chuma kikaruka majini, ukabaki na mpini mkononi. Ukautazama kana kwamba unangoja uote kisu kingine.

Kisha mikono yangu ikawa mitupu.

Hata matanga hayajaisha ukajiandikisha jeshini bila kutuaga. Sasa mwaka umepita na zaidi, na salamu yako ya kwanza nimeletewa na Sadiki wa pikipiki, amesimama mlangoni, injini yake inanguruma: “Ketsia, yaya yako anasema umutafutie kisu. Ya musoda, ya jeshi, ngumu, ya kutovunjika. Anasema huku sokoni iko mingi.”

Iko mingi! Nilitaka kumrushia sufuria. Aliona, akarudi nyuma na pikipiki yake. “Mi niko posta tu, dada. Usipige posta.”

Nilikwenda, kwa sababu umeomba, na kwa sababu nina hasira inayotaka kazi. Patrice yuko pale pale mlangoni pa soko. Ameongeza meza. Visu vyake ni vile vile: vimepakwa rangi nyeusi, mgongo una meno ya msumeno, mpini mnene una dira ndogo kwenye kifuniko, na jina ni lile lile alilokuuzia wewe, “komando”. Nilimwomba afungue mpini nione mkia. Alicheka. “Mwalimu, kisu si kuku, iko na mukia gani?”

Mkia ni ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Ukifika mpaka mwisho wa mpini, kisu na mpini ni kitu kimoja. Ukiwa mfupi kama kidole cha mtoto, umebandikwa tu kwa gundi na tumaini, siku utakapopiga kwa nguvu vitaachana. Naandika kana kwamba hujui, kwa sababu siku ile ulinunua kama asiyejua. Wewe, mtoto wa mhunzi.

Nilipita pia kwa mzee Kassimu, anayeuza vyombo kutoka ng'ambo ya ziwa. Huyu hakunificha. Alikigonga kisu kimoja kwa ukucha karibu na ncha, akanisogezea mpini sikioni: kililia mpaka mwisho. Akagonga kingine: sauti ikafia katikati. “Lakini hivi vyote ni vya jikoni, binti yangu,” alisema. “Musoda akipasulia kuni, atanitukana mimi na nyanya yangu.”

Kwa hiyo sinunui. Nitakwenda Lubondja kwa baba mdogo Alphonse, afue. Unajua sharti la moto wetu: hauwashwi mpaka mwenye kisu aseme kitafanya kazi gani, kwa sababu umbo hutoka kwenye kazi. Na kitu cha kwanza kitakachokatwa kiwe chakula, nyumba nzima tule, kwa sababu kisu hushika tabia ya mkato wake wa kwanza. Andika kazi. Andika vipimo kwa vidole, kama baba alivyopima.

Na ukiweza, andika jina la Vainqueur. Mara moja tu.

Mdogo wako,
Ketsia


Milimani, juu ya Fizi, 3 Machi 2023

Mudogo wangu Ketsia,

Barua yako nilisoma nikiwa nalinda mifuko ya muchele, nikasikia haya mbele ya muchele. Wewe hauandiki, unapiga nyundo. Banafunzi wako banaponaje?

Huku simu haishiki, njo maana natuma Sadiki. Baridi iko mingi, ukungu inaingia mpaka ndani ya soksi. Kisu nilikuwa nayo ingine, niliipoteza ku muto tukivuka. Musoda bila kisu ni kama mama bila mwiko, anaomba omba kwa majirani mpaka banamuchoka.

Kazi njo hii. Kukata matawi ya kibanda. Kupasua kuni: naweka makali juu ya gogo, napiga mugongo na mti mpaka inapasuka. Kufungua makopo. Kukata kamba. Kuchimba kidogo pa kulalia, maji isituingilie. Kumenya muhogo. Casimir, rafiki yangu wa hapa, anasema atanyolea ndevu, lakini yeye ndevu yake iko tatu, tutazing'oa na mukono.

Vipimo. Makali: shubiri moja, toa kidole moja. Upana: vidole tatu. Mugongo: munene kama punje ya muhindi, sababu ya kupigwa. Makali upande moja tu. Ncha isikuwe kali sana, ncha nyembamba inavunjika ukichimba nayo. Mukia mpaka mwisho wa mpini, hapo sina la kusema, ulisha nisema. Mpini wa mupera, misumari tatu. Ala ya ngozi, ya kuvaa ku mukaba.

Inoksi, chuma isiyopata kutu, sitaki. Inakaa yenye kung'aa lakini ikikufa makali, huku nani atainoa? Mi nanoa ku jiwe ya muto. Chuma nyeusi inapata kutu, sawa, nitaipaka mafuta. Inanikubali ku jiwe, hiyo njo nataka.

Ile jina uliomba, nilijaribu. Mukono inakataa.

Salimia mama. Mwambie nakula vizuri.

Wilfried
(huku bananiita Fundi)


Baraka, 2 Aprili 2023

Yaya Wilfried,

Kisu chako kipo. Kimelala mezani kwangu juu ya madaftari ya kemia, na nikikitazama napumua vizuri zaidi, jambo ambalo halinipendezi.

Baba mdogo alikata chuma kwenye resori, springi ya chini, ya lile lori lililokufa njia ya Misisi. Chuma kile kimebeba mizigo kwenye mashimo maisha yake yote na hakikuvunjika. Kinajua kupinda na kurudi. Cha kwanza kilipasuka, na kosa ni langu. Nilimharakisha, akakizamisha kwenye maji baridi, kikalia kama mtu, ufa ukapita katikati. Hakunigombeza. Alikitupa, akapasha moto mawese, akaanza upya. Kinapozama katika mawese kinapoa bila hofu. Kisha alikirudisha karibu na makaa mpaka rangi ya majani makavu ikatambaa kutoka mgongoni, maana chuma kigumu tu huvunjika, na chuma laini tu hupinda. Nawafundisha wanafunzi jambo hili kwa chaki, lakini harufu yake haiandikiki ubaoni.

Nilipiga nyundo mimi pia. Baba mdogo alisema, “Toka hapo, mwalimu, cheche hazijui diploma.” Kisha akatazama uso wangu, akanisogezea chuma.

Tulikipigilia ncha ndani ya gogo, nikaning'inia kwenye mpini kwa uzito wangu wote. Kilipinda, kikarudi. Tukakigonga. Kililia mpaka mwisho.

Sasa nikuambie kilichonifanya nipige hivyo. Kabla ya kwenda Lubondja nilipita sokoni. Mke wa musoda mmoja, ana mtoto mgongoni, alikuwa ameshika komando, anamchagulia mume wake. Nilimwambia, “Mama, acha. Kinavunjika.” Patrice akatoka nyuma ya meza.

“Mwalimu, nilikuja kwenye école yako kukuharibia masomo?”

Nilimwambia kisu chake kilifanya nini ziwani. Nilimwambia mbele ya watu. Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. Halafu akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia: “Ule mutoto aliuawa na maji, hakuuawa na kisu. Na yaya yake angekuwa mwanaume wa kuzama amufuate, asingetafuta kisu. Alibaki juu na mpini kama mwiko!” Watu walicheka. Si wote. Lakini walicheka. Yule mama akanunua.

Nimeiandika kama alivyoisema, neno kwa neno. Nilikosa pa kuiweka.

Kisu kinakungoja. Hakijakata kitu. Ukipata permisio, likizo yenu ya jeshi, ushuke nyumbani, mama atapika, tutakata muhogo wa kwanza pamoja. Mama hajambo. Kile kipande cha kamba kilichotoka mguuni kwa Vainqueur walipomwopoa ziwani, anafungia mbuzi. Nilimuuliza ataweza vipi kukitazama kila siku. Akasema, “Kamba ni kamba.” Kisha akakaa karibu na yule mbuzi mpaka ugali ukaungua.

Ketsia


Milimani, 19 Aprili 2023

Ketsia,

Ile kisu usitume. Mwambie baba mudogo afue ingine, mbio.

Urefu shubiri nzima. Upana vidole mbili, ipungue mpaka ncha, ncha kama sindano. Makali pande mbili. Mugongo isikuwepo. Pale makali inakutana na mpini weka chuma ya kuzuia, mukono isiteleze mbele. Mpini isikuwe ya kung'aa. Ala nyembamba, usiweke pa mukaba, weka kamba ya kuvaa shingoni, ilale chini ya shati.

Kazi ni ile ile. Kuni, makopo, kamba.

Nilipata permisio. Nashuka Baraka katikati ya mwezi wa tano, siku ya soko. Usimwambie mama, nataka kumushangaza.

Patrice angali anaweka meza pale mulangoni?

Wilfried


Baraka, 28 Aprili 2023

Wilfried,

Leo sikuiti yaya.

Kuni? Utapasuaje kuni kwa kisu chenye makali pande mbili? Utapiga wapi na mti wako, ikiwa mgongo umesema usiwepo? Utafunguaje makopo kwa ncha ya sindano, wewe uliyeniandikia mwezi wa tatu kwamba ncha nyembamba huvunjika? Ukimenya muhogo kwa kitu kile utajimenya mwenyewe kidole gumba. Na chuma cha kuzuia mkono usiteleze mbele: mkono huteleza mbele wakati gani? Nieleze. Mimi nimekata kamba, nimemenya, nimechonga mipini tangu nikiwa na meno ya maziwa, na mkono wangu haujawahi kuteleza mbele. Mkono huteleza mbele pale kisu kinapoingia ndani ya kitu na kitu kikakataa.

Na musoda anavaa kisu chini ya shati kumficha nani? Muhogo?

Umeniandikia uongo kwa maneno na ukweli kwa vidole. Kwa mtu mwingine yeyote ungepita. Ungemwandikia Sadiki, angesema sawa, Fundi. Lakini ulimwandikia binti wa mhunzi, ukadhani nitasoma ule mstari wa kuni na kuruka vipimo! Mezani kwa baba tulisoma vipimo kabla hatujasoma herufi.

Nilikwenda Lubondja. Sikumwambia baba mdogo ni cha nani. Nilimsomea vipimo tu. Alikuwa amechuchumaa, anachochea makaa. Akauliza, “Kazi yake ni mbuzi?” Nikasema hapana. “Basi ni mutu,” akasema, akachukua ndoo ya maji akaimwaga juu ya moto. Moto ule, Wilfried. Tangu baba azikwe sijauona ukizimwa kwa maji.

Nilirudi Baraka nimekaa nyuma ya Sadiki na moshi ule kwenye nywele, na njia nzima nilikutukana. Sadiki alidhani namtukana yeye, akapunguza mwendo kwenye mashimo.

Unafikiri hasira ni yako peke yako? Unafikiri kwa kuwa una sare, wewe ndiye mwenye kilio? Mikono iliyokuwa imemshika ni hii ninayoandikia. Nilihisi alipoondoka. Hukuhisi wewe. Wewe ulikuwa unautazama mpini.

Mama ana watoto watatu. Mmoja amechukuliwa na ziwa. Wewe unataka kumpelekea mwingine gerezani, au kaburini, maana Patrice ana ndugu na soko lina mapanga. Atabaki na mimi, mwalimu wa kemia, niwaeleze watoto wa wenzangu kutu inatoka wapi.

Sema kazi ya kisu kile. Iandike kwa jina lake, kama sharti linavyotaka. Kama huwezi kuiandika kwa dada yako, utaifanyaje mchana mbele ya watu?

Ketsia


Milimani, 6 Mei 2023

Ketsia,

Vainqueur. Vainqueur. Vainqueur. Haya, nimeandika. Umefurahi?

Kazi ya kisu ni Patrice. Nimeandika hiyo pia. Soma polepole, vidole na maneno vinasema kitu moja sasa.

Ulisema nilikuwa natazama mpini. Ni kweli. Kila mara nikifunga macho niko naitazama. Unajua mi niliona nini? Niliona gundi. Gundi ya njano, kama ya kubandikia picha ku école. Mudogo wetu alikuwa naniita jina langu na mi niko natazama gundi. Sikuzama. Patrice alisema kweli, na njo maana hataisema tena.

Lakini wewe, mwalimu, jiulize. Nani aliniandikia maneno yake? Mi nilikuwa huku na ukungu yangu, nafikiri kuni. Nani aliandika “mwiko”? Nani aliandika kwamba batu balicheka? Unasema ulikosa pa kuiweka. Ukaiweka kwangu! Ulipika, ukanipakulia, sasa unashangaa nakula.

Baba mudogo azime moto, sawa. Silaha yangu tunaacha posti tukishuka, sawa. Kisu ya mama ya muhogo iko palepale ku kikapu, na ku jiwe ya muto naweza kutengeneza ncha hata ya kijiko. Hautanizuia kwa kukosa chuma.

Siku ya soko natoka asubuhi. Usinijibu. Sadiki nimemukataza kupokea barua yako.

Wilfried


Fizi, 15 Mei 2023

Yaya Wilfried,

Ulimkataza Sadiki, na Sadiki amekutii: barua hii hakuibeba yeye. Unaisoma kwa sababu Adjudanti Norbert, mkubwa wa posti yenu, amekupa mkononi, na labda bado amesimama mbele yako. Kaa chini. Nitakueleza kwa mpangilio.

Ulisema nilipika. Nilisoma mstari ule nikiwa darasani, wanafunzi wanafanya zoezi, nikaufunga mdomo wangu kwa mkono. Ni kweli. Nilitaka uwe na hasira kama yangu ili nisiwe peke yangu nayo. Basi nimeipakua tena. Nimeila mwenyewe.

Kwanza nilimwambia mama. Yote: vipimo, shati, siku ya soko. Nilidhani ataanguka. Alinyanyuka, akatoka nje, akamfungua mbuzi, akaniletea ile kamba imekunjwa vizuri. “Kama ni lazima kile kisu kikate kitu,” alisema, “kikate hii.” Mbuzi, kwa taarifa yako, alikwenda moja kwa moja kwenye shamba la mama Nadège, na kelele za majani ya muhogo hazijaisha mpaka leo.

Baba mdogo hakupenda. Mkato wa kwanza ni chakula, alisema, tangu babu wa babu. Nikamwambia, “Baba mdogo, kisu hushika tabia ya mkato wake wa kwanza. Ndivyo mlivyotufundisha?” Akasema ndivyo. Nikamwambia, “Basi nataka kishike hii: kukata kamba.” Alifikiri, akakuna kidevu. Akasema atakuja kushuhudia.

Siku ya soko lililopita nilikwenda mlangoni kwa Patrice. Mama upande mmoja, baba mdogo upande mwingine, amevaa koti lake la harusi. Watu walijikusanya hata kabla sijafungua mdomo; Baraka ni Baraka. Niliweka kamba mezani katikati ya bidhaa zake.

“Unanunua ao unauzisha?” Patrice aliuliza.

“Chagua komando yako nzuri kuliko zote,” nilimwambia. “Chagua wewe mwenyewe, usiseme nilichagua mbovu.”

Hakutaka. Watu wakaanza: “Chagua, Patrice! Si ni komando?” Mke mmoja wa musoda akapaza sauti, “Yangu iko nyumbani na mpini unacheza kama jino la mutoto, nilete?” Wakacheka, na safari hii kicheko kilikwenda upande mwingine. Akachagua. Nilimpa baba mdogo na mama wavute kamba, ncha hii na ncha ile. Nikapiga kama ulivyopiga, kwa nguvu ile ile, nakumbuka bega lako lilivyoinuka.

Tak.

Ile ile, yaya. Haikuzidi, haikupungua. Chuma kiliruka kikaangukia kwenye beseni la sambaza, dagaa wa ziwa, na ndani ya mpini kulikuwa na gundi. Ya njano. Niliinua juu watu waone. Mama aliiona kwa mara ya kwanza. Hakuachia kamba.

Kisha nikachomoa kisu chako. Pigo moja. Kamba ilikatika, kisu kikaingia ndani ya ubao wa meza kikasimama wima, na hakuna aliyecheka. Nilikigonga kwa ukucha. Walio karibu walisikia.

Watu walipotawanyika Patrice alikuwa anakusanya visu vyake ndani ya gunia. Uso wake ulikuwa wa majivu. “Umemaliza, mwalimu?” aliuliza. Nikamwambia hapana. Nikamwambia kuna mtu anashuka kumuua, na ni nani, na siku gani, na kwamba mimi ndiye nitakayemzuia. Alifungua mdomo. “Usinishukuru,” nilimwambia. “Ningekuwa na kaka mmoja zaidi, ningefikiri mara mbili kabla ya kumzuia huyu.” Sijui kama nilimaanisha. Wakati ule nilimaanisha.

Wanasema amehamia Misisi. Atauza kule, kwa watu wa mashimo ya dhahabu, na vitavunjika kule. Usifikiri nimeshinda. Nikifikiria hilo nasaga meno. Nimewaambia wanaokwenda Misisi namna ya kugonga kwa ukucha. Hicho ndicho nilicho nacho.

Leo asubuhi nimepanda huku. Sadiki alinileta bila kuuliza, alisema tu, “Barua ninakatazwa. Kubeba batu hajanikataza.” Adjudanti Norbert, aliyeshuka Fizi kikazi, alinipokea nje, chini ya bati. Nilimpa barua zako asome, zote, kuanzia ile ya muchele. Kwenye ndevu za Casimir alitabasamu. Kwenye vipimo vya pili alisoma mara ya pili, akapima vidole vyake mwenyewe, akavitazama.

“Dada,” alisema, “unajua uko namufanyia ndugu yako nini?”

“Najua.”

“Hatakusamehe haraka.”

“Hata mimi sijamsamehe.”

Aliniuliza kama natoa neno langu kwa mdomo au kwa maandishi. Kwa mdomo ningeweza kukana baadaye, ukiniangalia kwa yale macho ya baba. Kwa hiyo nimeandika.

Kisu kiko kwake. Vidole vitatu, mgongo wa punje ya muhindi, mkia mpaka mwisho, ala ya mkaba. Alikitazama sana, akauliza kama baba mdogo anafua vingine. Atakupa siku atakayoona yeye kwamba ni kisu cha kuni. Kimekwisha kula mkato wake wa kwanza, kimekula kile ambacho sote wawili tulikuwa tunakililia, na hakina njaa nyingine. Ukipewa, kigonge.

Nichukie huko huko juu, kwenye ukungu, ukiwa mzima. Mama atapanda kukuona akishamlipa mama Nadège majani yake.

Permisio yako imefutwa. Niliyeomba ifutwe ni mimi, na jina langu liko chini ya karatasi.

Ketsia